Chai ya Kijani kwa Mama wa Nengo

Mwanza, 14 Februari 1999

Mdogo wangu Libérata,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi ni wazima. Wifi yako, mama Larissa, anakusalimu sana, na Larissa mwenyewe ameingia kidato cha tatu. Mvua zimechelewa, lakini ziwa liko palepale na sangara wanauzwa palepale. Shemeji Sebagabo hajambo? Bado sauti yake inafika mwisho wa darasa? Mama mwambie mwanawe anamkumbuka kila siku ya Mungu.

Baada ya hayo, nina jambo. Kiwandani kwetu alikuja fundi wa Kichina kutengeneza mashine za kuchambulia pamba. Ana miaka sitini na minane na anapanda ngazi mbilimbili. Mimi wa arobaini na minane namfuata nyuma nikihema kama mbuzi aliyebebeshwa gunia. Nikamuuliza siri yake. Akanionyesha chupa yake: maji ya moto na majani, basi. Chai ya kijani.

Tangu Novemba nami nakunywa vikombe vinne kwa siku. Libérata, mimi ni mtu mwingine. Kichwa hakiniumi tena. Tumbo limerudi nyuma. Usingizi wangu ni wa mtoto aliyeshiba maziwa ya mama yake. Hasira zimeniisha, muulize wifi yako. Na nimesoma gazetini kwamba chai hii inasafisha damu, inaimarisha meno, inashusha presha na inauchelewesha uzee njiani.

Kwa hiyo nimempa Kimenyi, yule dereva wa lori la samaki wakavu, paketi sita za mama. Fuata maelekezo. Maji yasichemke hadi mwisho: yakianza kuimba, epua. Kijiko kimoja. Dakika tatu. Maziwa marufuku. Sukari marufuku. Najua kwenu chai ni maziwa yaliyotiwa rangi, na sukari mnaimwaga kama mtu anayefukia shimo. Hiyo ndiyo inayommaliza mama.

Kuhusu kuja huko, tutazungumza. Kazi zimenibana.

Kaka yako,
Protais

Nimesahau: usiniite tena "yaya" kwenye barua. Larissa aliisoma ile ya Krismasi akacheka siku mbili. Hapa yaya ni msichana wa kulea watoto.


Gisenyi, 21 Machi 1999

Yaya Protais,

Hapa kwetu yaya ni ndugu mukubwa, ile anakaa karibu na kuangalia wadogo. Lakini umesema kweli, kwa we hiyo jina haifae. Nitaendelea kuiandika juu Larissa apate kucheka.

Tuko wazima. Sebagabo iko na watoto sitini na mbili ndani ya darasa moja, akirudi nyumbani anaongea na mikono tu. Barabara ya Ruhengeri magari inapita sasa bila askari mbele, viazi imeanza kushuka tena kutoka Mudende, donc tunashukuru. Mi na cherehani yangu tunasukuma. Wiki ile ilipita nilivuka mupaka pale Grande Barrière kutafuta vitenge Goma, nikarudi na mbili na mafua.

Kimenyi amefika na majani yako. Springi ya lori ilivunjika Rusumo, akalala pale wiki mbili. Bon. Nilifanya vile uliandika. Maji ikaimba, nikaepua. Nikahesabu dakika tatu kwa saa ya Sebagabo. Ile kitu ilitoka, Protais! Nikaangalia ndani ya kikombe nikasema, hii ni maji tuliosha nayo sombe, ile mboga munaita kisamvu. Sebagabo akaonja wa kwanza, unajua ni mwanaume wa sala. Akafunga macho.

"Iko namna gani?" nikamuuliza.

"Iko kama nimekula bustani ya mutu," akasema, "na mwenyewe ananiangalia."

Na we unasahau tunaishi wapi? Gisenyi, hapa kwetu Nengo, unatoka kidogo tu kwa mji, mashamba ya chai iko mbele ya macho, mulima nzima. Unatumia majani ya Wachina kwa watu wanaishi ndani ya chai. Safari ingine utume na mawe ya volcan, inakosekana sana hapa.

Mama alikunywa yote. Hakukunja uso. Nikamuuliza kama iko tamu. Akasema: "Ni ya Protais." Nikauliza tena: "Ndiyo, lakini iko tamu?" Akasema: "We mutoto, nimekuambia ni ya Protais."

Sasa jambo yenyewe. Mama hakuombaka chai. Anauliza unakuja lini. Tulitoka kwa ukimbizi kule Goma tukaingia hapa mwisho ya 94, hii ni mwaka ya tano, na hajakuona hata siku moja. Kwa tansiyo yake, ile munaita presha, usikuwe na hofu. Docteur anaishikilia na vidonge mbili, moja asubuhi, moja mangaribi. Mi mwenyewe ninamupatia ndani ya mukono, miaka tatu sasa, na ninangoja mpaka ameze. Usitume kitu. Kuja.

Mudogo wako,
Libérata


Mwanza, 2 Mei 1999

Libérata,

Barua yako niliipata tarehe kumi na tisa Aprili. Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali palipoandikwa asante. Sijapaona. Hata hivyo nawasalimu wote. Wifi yako aliugua malaria, amepona. Larissa anaomba umwite yeye "yaya", anasema anataka cheo.

Sasa nikufundishe, maana elimu haina mwisho. Mmea ni mmoja, hilo kweli. Lakini majani ya kwenu huachwa yakawa meusi ndipo yakaushwe. Ya kijani huwahiwa, yakabaki na nguvu zake zote. Ule weusi ndio uvivu. Wachina wamekunywa chai hii tangu babu wa babu zetu hawajazaliwa, nao hawakuwa wajinga. Mwambie shemeji awe na subira: siku saba za kwanza ulimi unapigana vita, siku ya nane unasalimu amri.

Hapa nimeanzisha kikundi. Tunakutana kwangu Jumamosi saa nne, watu tisa. Tunakunywa, tunahesabiana mapigo ya moyo, tunazungumza mambo ya afya. Wamenichagua Mwenyekiti. Sikuomba.

Natuma paketi kumi. Ndani ya mfuko kuna bahasha ya mama peke yake, nimemwandikia Kinyarwanda. Usiifungue. Ni mambo ya mama na mwanawe.

Kuja mwezi wa sita haiwezekani, msimu wa pamba unaanza na hakuna ruhusa.

Protais


Gisenyi, 13 Juni 1999

Mwenyekiti Protais,

Nyumba yote inasalimu ofisi yako. Tuko wazima. Sebagabo alifika siku ya nane, ulimi ikakataa kabisa kusalimu amri. Amerudi kwa chai ya maziwa na ameomba Mungu amusamehe.

Bahasha sikuifungua. Mama aliisoma siku tatu, na miwani, na kidole chini ya kila neno. Kisha akaikunja ndogo sana akaiweka ndani ya kitenge kwa kiuno. Nikamuuliza umeandika nini. Akacheka tu! Mama wetu, mukecuru wa miaka sitini na tisa, akacheka kama musichana amepata barua ya muchumba.

Mi sitasema uongo. Sasa anakunywa vikombe tano. Anabeba kiti inje, anaangalia ziwa, anashika kikombe na mikono yote mbili, ile mikono yake ya baridi ya siku zote, na uso yake inalegea. Ile saa mutu asimuulize kitu. Mi niko kwa cherehani, ninamuangalia kwa dirisha, ninasema bon, labda Protais amefanya kitu moja muzuri kwa maisha yake. Uiandike hiyo kwa kitabu ya kikundi, sitairudia.

Umepata na muumini mwengine. Muzee Rutagengwa, jirani yetu wa koro ya kanisa, anakuja kila asubuhi. Anaziba pua, anakunywa. Anasema magoti yake imeanza kusikia. Nikamuuliza imesikia nini. Akasema ndio kwanza imeanza, atanijulisha.

Kitu kingine. Mama anasema haiko mutoto wa kupewa dawa kwa mukono. Anataka boîte ya vidonge ikae kwake, atameza yeye mwenyewe. Nilikataa, akanuna siku mbili, hakula. Nikamupatia.

Na swali yangu ya Machi hukuijibu.

Libérata


Mwanza, 11 Julai 1999

Mdogo wangu mpendwa,

Leo nimeisoma barua yako mbele ya kikundi kizima, ile sehemu ya kiti na ziwa. Watu walipiga makofi. Unaona sasa? Uliniita majina yote, na leo kalamu yako yenyewe imeshuhudia. Mama apewe uhuru wake. Mtu mzima akipata nafuu anajitambua mwenyewe. Mwambie mzee Rutagengwa nampongeza, aongeze kikombe cha jioni.

Sisi wazima. Kuhusu safari, tuone baada ya msimu.

Protais, Mwenyekiti


Gisenyi, 8 Agosti 1999

Protais,

Leo hakuna salamu.

Mama ameanguka siku ya Jumanne, saa tatu ya asubuhi, pale inje kwa kiti yake. Nilisikia kikombe. Nikatoka, nikamukuta kwa udongo, anaangalia upande moja, anataka kusema na mudomo haimufuate. Sebagabo na Rutagengwa walimubeba mpaka kwa barabara, tukapata voiture, gari ya mutu wa kanisa, tukamufikisha hospitali.

Docteur akamufunga ile kitambaa kwa mukono, akapima, akapima tena.

"Anamezaka dawa?"

"Ndiyo, docteur."

"Jana alimeza?"

"Alimeza."

Akaniangalia. "Mama, hii tansiyo haiko ya mutu anamezaka dawa."

Mi nikamukasirikia, Protais. Nikaapa. Mbele ya wagonjwa wote nikaapa na jina ya Mungu kama mama anameza, kama mi ninajua.

Nikarudi nyumbani kumutafutia nguo. Nikafungua kitenge yake ile ya kiuno. Iko na mafundo kwa pembe zote, na ndani ya mafundo ni vidonge. Nilizimwanga kwa kitanda nikahesabu. Tisini na sita. Siku makumi nne na nane. Na barua yako iko pale, imekunjwa.

Umeandika Kinyarwanda ya mutoto wa mwaka ya kwanza, lakini mama alielewa. Ninakuandikia kwa Swahili juu uisome na we vile inasikika: "Mama, vidonge ni vya watu wasio na chai. Punguza taratibu, mwisho uache. Usimwambie Libérata, yeye ana kiburi cha hospitali."

Mama iko muzima. Mukono ya kuume haishike. Mudomo imekwenda upande. Jina anaweza kusema ni moja tu, na haiko ya mi.

Nina swali moja, jibu hiyo tu, achana na pamba. We mwenyewe unamezaka dawa ya tansiyo?

Libérata


Gisenyi, 12 Septemba 1999

Protais,

Wiki tano. Kimenyi amerudi, anasema barua yangu alikupatia ndani ya mukono, kwa mulango ya kiwanda. Anasema uliisoma umesimama. Kisha ukamuuliza kama barabara ya huku iko salama. Kisha ukaingia ndani. Basi.

Mama amerudi nyumbani. Anasogeza vidole mbili. Anasema "maji", anasema "kiti", anasema "hapana", hiyo anasema muzuri sana. Ninamulisha na kijiko. Dawa ninamupatia mi tena ndani ya mukono, na anafungua mudomo kunionyesha amemeza, kama mufungwa. Rutagengwa ameacha chai yako. Magoti yake ilirudia kuuma siku ile ile tulibeba mama.

Kama umekufa, mama Larissa atuandikie.

Libérata


Mwanza, 26 Septemba 1999

Mdogo wangu,

Sijafa. Jibu la swali lako ni ndiyo.

Nameza kidonge cha presha kila asubuhi tangu Novemba mwaka jana. Nilianguka kiasi kiwandani, wakanipeleka kwa daktari, naye akaniandikia. Ilikuwa wiki ileile Mchina aliponipa chai yake. Vyote viwili nilivianza pamoja. Kichwa kilipoacha kuuma sikutaka iwe kwa sababu ya vidonge. Anayemeza vidonge ni mgonjwa, lakini anayekunywa chai ni mtu mwenye hekima, watu wanakaa wamsikilize. Nikaipa chai sifa zote. Wifi yako alijua. Aliponiambia niache kuwadanganya watu, sikusema naye wiki nzima. Hasira hazikuwa zimeniisha.

Utaniuliza nilifikiri nini nilipomwandikia mama. Nimejaribu kukumbuka. Sikufikiri kitu. Niliandika ile sentensi kwa sababu nilipenda jinsi ilivyokaa.

La pili, hili la kuja. Pamba haikuhusika. Mwaka 95 nilipanda basi nikafika Rusumo. Nikakaa upande wa Tanzania siku mbili nikiliangalia daraja. Watu walikuwa wanavuka na magodoro vichwani, na mbuzi, na wazee kuliko mama. Mimi nikiwa na sanduku moja nilishindwa. Sijui niliogopa nini hasa. Niliogopa kila kitu. Nikageuka, nikawaambia nyumbani mpaka umefungwa. Miaka miwili baadaye barabara ya Ruhengeri ilipokuwa haipitiki, ninyi mkilala kwa hofu, mimi nilifurahi, Libérata. Nilipata sababu. Halafu kukatulia, na sasa nikawa naona aibu kwamba niliogopa, na aibu ikadumu kuliko woga wenyewe.

Jumamosi niliwaambia wanakikundi kwamba nameza dawa. Kisha watu watatu wakatoa za kwao mifukoni.

Nimemwomba Kimenyi nafasi ya mbele kwenye lori, safari ya katikati ya Novemba. Nikigeuka tena, yeye atakuambia. Hajui kunyamaza.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini mama umwambie nakuja.

Protais


Gisenyi, 12 Desemba 1999

Yaya Protais,

Sebagabo anakusalimu, Rutagengwa pia. Kimenyi alituambia umerudi ukafika Mwanza, na njia yote tumbo ilikuwa inakusumbua. Pole. Viazi ya Mudende haipendi watu wanakaa mbali miaka mingi. Mama Larissa umwambie kitenge iko njiani.

Mama anaendelea. Anasimama na fimbo, anafika mpaka kwa mulango ya barabara, anasalimia watu, anarudi. Mudomo imenyooka kidogo. Docteur amesema chai akunywe kama anaipenda, ya kijani ao ya rangi gani, yeye haimuhusu, basi dawa ameze. Anakunywa kikombe moja asubuhi. Ile zingine ameniambia nigawe.

Zile siku tisa ulikuwa hapa sikukuambia kitu, na we hukuniambia kitu. Tuliangalia mama tu. Nilikuona unamukata nyama kwa sahani, nilikuona unalia nyuma ya nyumba ukifikiri ninashona. Lakini kuna jambo ulikwenda bila kujua, na mi ninakataa kuibeba peke yangu.

Alhamisi nilikuwa ninamukata kucha za ule mukono mugonjwa. Nikamuuliza polepole. Nikasema: "Mama, docteur alikuambia mbele yangu dawa ndio inakushikilia. We haiko mujinga. Protais akaandika kitu moja, ukaacha. Juu ya nini?"

Akanisogezea kidole ingine. Nikafikiri hajasikia.

Akasema: "Mutoto hajaniomba kitu miaka yote. Akaomba hiyo."

"Hata kama ni ya kukuua?"

Akaangalia mukono yake. Akasema, na maneno ilikuwa inatoka moja moja, unajua vile anasema sasa: "Nilijua chai haiponyi. Nilijua nitaanguka. Nikianguka, atakuja." Kisha akasema: "Na si amekuja?"

Protais, niliweka makasi chini. Nikatoka inje. Miaka tatu, asubuhi na mangaribi, mi ninasimama mbele ya ule mama na kidonge ndani ya mukono na maji ndani ya ingine. Hakuniambiaka asante, na sikungojaka asante, mi niko hapa, mutu iko hapa haambiwe asante. We ulituma mustari moja na akaweka maisha yake juu ya ile mustari. Nilikuwa na maneno mingi ya kumuambia. Nikarudi ndani, nikakaa, nikamaliza kucha.

Kwa hiyo usijisifu hata kwa dhambi yako. Haukumudanganya mutu. Ni yeye alitudanganya wawili, we na mi, na hata docteur.

Jana ameniuliza tena unarudi lini. Nikamuambia Pasaka. Sikukuuliza kwanza, na sikuulizi sasa. Ukikosa kuja, mi sijui safari hii ataacha nini.

Libérata